Picha 101 za Lubumbashi



Kuna kijana mmoja wa Rugu, kule kwetu Karagwe, kazi yake ni kuandika mabango. Kazi za mafundi wa aina yake mnazijua: kichwa kilichonyolewa vizuri kwenye ukuta wa kinyozi, mkono ulioshika simu kwenye kibanda cha kutuma fedha, ng'ombe anayetabasamu mlangoni mwa bucha kana kwamba hajui kinachoendelea ndani. Huyu mdogo wangu sasa amechoka na ng'ombe wanaotabasamu. Ana mpango. Anataka kuchora picha kumi na mbili za miji yetu, zote za giza: Kayanga umeme ukiwa umekatika, Omurushaka saa nane za usiku, Kyaka darajani kabla hakujapambazuka, Bukoba mvua ikiwa imelifunika ziwa. Ameniuliza maswali mawili. Je, kuna Mwafrika aliyewahi kukaa chini akapanga mfululizo mzima wa picha za namna hiyo, au ni mambo ya Wazungu tu? Na kama yupo, alianzaje?

Jibu la swali la kwanza ni fupi. Yupo, tena mpango wake aliusimulia kwa Kiswahili. La pili ni refu, ndiyo maana naliandika hapa.

Anaitwa Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa mwaka 1947 Elisabethville, mji ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi, kule Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo. Ili kumwelewa lazima kwanza tuuelewe mji wenyewe, maana si mji ulioota pole pole kama vituo vyetu vya biashara, duka moja leo na jingine mwaka kesho. Ule ulipandwa. Reli kutoka Rhodesia ilifika mwaka 1910, mji ukaanzishwa mwaka huo huo, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa. Mwenye mji alikuwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Kampuni ilijenga kambi za wafanyakazi, ikapima chakula, ikaweka zahanati na shule, ikaamua nani alale wapi. Wazungu walikaa upande wao na Waafrika upande wao. Juu ya wote kulisimama bomba refu la moshi la kiwanda, na pembeni yake mlima mweusi wa takataka za shaba. Muulize mtu wa Lubumbashi achore mji wake kwa mistari mitatu, atachora bomba na mlima.

Vibarua walitafutwa kila upande. Katika miaka ya 1920 kampuni ilichukua watu hata Rwanda na Burundi, majirani zetu kabisa. Watu hao walikuja na lugha chungu nzima, na iliyowaunganisha migodini na mitaani ni Kiswahili. Ndugu yetu wa Unguja akikisikia atakunja uso, maana huko Ulaya ni Bulaya, na ngeli zimekwenda likizo. Lakini ndicho kilichobeba kumbukumbu za mji. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa maboi wa majumbani kilitoa kijitabu cha historia ya Elisabethville kilichoandikwa na mwenzao André Yav. Jalada lina kichwa cha Kifaransa, ndani Kiswahili. Watu waliopika na kufua kwenye nyumba za mabwana wakaamua kuandika wao wenyewe yaliyotokea kwenye nyumba hizo na kwenye barabara zilizozizunguka. Nakitaja kijitabu hicho kwa sababu Tshibumba hakuota uyoga. Alitoka kwenye mji ambao wakazi wake walishaona kwamba wasipojiandika, hakuna wa kuwaandika.

Haya, turudi kwenye rangi.

Mwishoni mwa 1973 Tshibumba alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita hivi, akiishi kwa kuchora na kuuza. Mmoja wa wateja wake alikuwa Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropolojia mzaliwa wa Ujerumani, wakati huo akifundisha kwenye kampasi ya Lubumbashi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Katika mazungumzo mchoraji akajieleza kwamba yeye si mchoraji tu, ni mwanahistoria pia. Hakuwa na digrii ya historia. Alikuwa na brashi, rangi, na kitambaa cha magunia ya unga kilichowambwa kwenye fremu ya mbao. Na alikuwa na wazo: kuichora historia yote ya nchi yake, tangu enzi za wafalme wa kale mpaka siku aliyokuwa anaongea.

Kuanzia hapo hadi mwishoni mwa 1974 akawa anachora na kuleta, mafungu kwa mafungu. Kila alipoleta fungu, kinasa sauti kiliwashwa. Kwanza alisimulia picha moja baada ya nyingine bila kukatizwa, kisha wakarudi nyuma kwa maswali: huyu ni nani, kwa nini umemvika hivi, hili jengo liko wapi. Mwisho wa kazi picha zilikuwa 101. Mwaka 1996 Fabian alizichapisha zote katika kitabu kiitwacho Remembering the Present, pamoja na masimulizi yaliyofasiriwa kwa Kiingereza. Ndani yake mnapishana na Diogo Cão, Mreno aliyefika mdomo wa mto Kongo mwaka 1482, mnamkuta Stanley, mnamkuta Mfalme Leopold, mnapita migodini na magerezani, mnafika uhuru wa 1960, Lumumba, kujitenga kwa Katanga, Mobutu.

Sasa hapa kuna jambo ambalo fundi wa mabango atalielewa haraka kuliko profesa. Tshibumba hakuanza na picha 101. Alianza na picha moja moja zilizokuwa zikiuzika mjini, zile ambazo kila mchoraji wa Lubumbashi alijua kuzichora hata akiamshwa usingizini. Kulikuwa na mamba muntu, yule nguva mwenye nywele ndefu anayeleta utajiri na balaa kwa pamoja. Kulikuwa na ile iitwayo Colonie belge: uwanja wa gereza, mfungwa amelazwa chini anachapwa, askari Mwafrika ameinua kiboko, Mzungu amesimama pembeni anatazama. Wachimbaji, makarani na walimu walizinunua wakazitundika sebuleni, juu ya kochi. Walikuwa na neno la kuzielezea, na neno hilo ni letu: ukumbusho. Picha haikuwekwa ili ipendeze. Iliwekwa ili mgeni akija akaitazama, mzee wa nyumba apate pa kuanzia maneno.

Fikirieni kidogo. Mtu amefanya kazi mwezi mzima kwenye moshi, anapokea mshahara, anakwenda kununua picha ya mtu anayechapwa viboko, anaiweka mahali anapokula na watoto wake. Mimi nilipokutana na habari hii kwa mara ya kwanza nilibaki naitafakari siku kadhaa. Kwetu sebuleni tunaweka maporomoko ya maji ya Uswisi na maandishi ya kumkaribisha mgeni.

Alichofanya Tshibumba ni kuzichukua picha hizo zilizotawanyika kwenye sebule za watu na kuzifunga kwa kamba moja. Gereza la Colonie belge likapata kilicholitangulia na kilicholifuata. Huo ndio mpango wenyewe. Hakuchagua kwanza rangi wala ukubwa wa fremu, alichagua mfuatano: nini kilizaa nini.

Na yaliyotokea mjini mwake yalikuwa mazito. Chukueni Desemba 1941. Vita Kuu ya Pili imepamba moto, shaba ya Katanga inatakiwa kwa wingi, bei ya vitu imepanda na mshahara umebaki pale pale. Wafanyakazi Waafrika wa Union Minière wakagoma. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville, na wanajeshi wakawafyatulia risasi. Waliouawa ni makumi, akiwemo kiongozi wao Léonard Mpoyi. Tshibumba alizaliwa miaka sita baadaye. Hakuona kitu kwa macho yake. Aliyachora mauaji hayo kwa yale aliyosikia, kama vile sisi tuliozaliwa baada ya vita vya Amin tunavyoijua Kyaka kwa midomo ya baba na mama zetu.

Au chukueni picha aliyoiita Simba Bulaya, yaani simba wa Ulaya. Zamani za ukoloni watu wa Elisabethville waliogopa kutembea usiku kwa sababu ya wakamataji waliosemekana kutumwa na Wazungu, wanakamata mtu njiani na haonekani tena. Nani kati yetu hajatishwa utotoni kwa mumiani? Ni hadithi ile ile, imevaa kanzu nyingine. Wanahistoria makini hawazicheki tena hadithi hizi. Luise White ameziandikia kitabu kizima, akizifuatilia Kenya, Uganda na mpaka huo ukanda wa shaba. Mwenye akili atauliza: kwa nini mji ule ulikuwa na hadithi ile? Mji ambao mtu anakamatwa akikutwa upande wa Wazungu baada ya saa fulani, mji ambao anaingia mgodini asubuhi na jioni harudi, hauhitaji kusukumwa sana ili uamini kwamba usiku una watu wanaokula watu. Tshibumba aliiweka hofu hiyo ndani ya mfululizo wa historia kama tukio kati ya matukio. Kwake, kile ambacho mji uliogopa usiku ni sehemu ya historia ya mji sawa na reli.

Kisha kuna Lumumba. Tarehe 17 Januari 1961 alishushwa na ndege Elisabethville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, wamefungwa na wamepigwa, na usiku ule ule wakauawa porini nje ya mji. Tshibumba alikuwa bado mtoto. Katika picha yake ya kifo hicho, nyuma kabisa kwenye upeo kuna misalaba mitatu. Aliyepita kanisani hahitaji maelezo. Mwaka 1966 Mobutu alikuwa ameshamtangaza Lumumba shujaa wa taifa, kwa hiyo sura yake kutundikwa ukutani haikuwa kosa. Lakini kuuliza ni nani aliyemtoa Lumumba na kumpeleka Katanga, hayo yalikuwa maneno mengine, maana jibu lilikuwa limekaa ikulu limevaa kofia ya ngozi ya chui. Mchoraji aliyepanga picha zake zifuatane alikuwa anacheza na moto kuliko aliyeuza moja moja. Picha moja ni sura ya mtu, lakini ukipanga kumi mfululizo tayari umeshitaki.

Mdogo wangu wa Rugu aliponieleza mpango wake, nusu ya maneno yake yalikuwa juu ya rangi nyeusi: nyeusi ya namna gani, ichanganywe na nini. Sasa asikilize. Picha nyingi za Tshibumba zimejaa mwanga. Anga ni ya buluu, bendera ya Kongo ya Mbelgiji ina nyota yake ya njano, kuta zinang'aa. Mfungwa wa Colonie belge anachapwa mchana kweupe. Giza la picha hizi halikutoka kwenye kopo la rangi, limetoka kwenye kile kilichotendeka mahali pale. Ukichora Kayanga nyeusi kwa sababu tu umeme umekatika, utapata ubao mweusi. Lakini ukijua nani alipita barabara ile, nani alihamishwa, nani alingojewa hakurudi, basi unaweza ukaichora saa sita mchana na mtazamaji akahisi baridi.

Sisemi usiku usichorwe. James McNeill Whistler, Mmarekani aliyeishi London, katika miaka ya 1870 alichora mto Thames usiku mara nyingi, ukungu na taa chache za mbali. Rangi huwezi kuzichanganya gizani, kwa hiyo alikuwa anachukuliwa na mashua usiku, anatazama, kisha anaupa mto mgongo na kumtajia mwenziwe alichokiona: daraja hapa, taa pale, maji rangi fulani. Akikosea anageuka tena kutazama. Picha yenyewe alichora kesho yake, kutoka kichwani. Hiyo ni mbinu ya bure kabisa na inafaa Omurushaka sawasawa na London. Unachohitaji ni mwenzako mvumilivu.

Na kwa habari ya kupanga kazi, mtu wa kumsoma ni Jacob Lawrence, Mmarekani mweusi wa Harlem. Mwaka 1940 na 1941, akiwa na umri wa miaka 23, alichora picha 60 za uhamaji mkubwa wa Wamarekani weusi kutoka mashamba ya kusini kwenda miji ya kaskazini. Kwanza alikwenda maktaba akasoma. Akaandika maelezo mafupi ya kila picha. Gwendolyn Knight, ambaye walioana mwaka 1941, alimsaidia kuandaa mbao na kusahihisha maneno. Kisha Lawrence akazitandaza mbao zote kwa pamoja na kupaka rangi moja moja kwenye zote sitini: nyeusi kila inapotakiwa, halafu inayofuata, akitoka kwenye rangi za giza kuelekea nyeupe. Ndiyo maana picha 60 zinaonekana kama mtu mmoja anaongea bila kubadili sauti. Fundi wa mabango anayenunua rangi kwa kopo dogo ataiona faida hapo: ukifungua kopo unalimaliza.

Lakini mbona mambo haya hatukuyaona kwetu? Wachoraji tulikuwa nao, tena wakubwa. Hapa nina maoni yangu, mnaweza kuyapinga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za mafuta kwenye hadbodi, kando ya barabara kule Oyster Bay. Mtindo wake ni wa mjini kabisa: umezaliwa mjini, na kijana aliyefuata kazi mjini, kwa vifaa vya dukani mjini. Lakini umejaa twiga, tembo na ndege. Kwa nini? Kwa sababu mnunuzi alikuwa mgeni, na mgeni hakuja Tanzania kununua picha ya Kariakoo. Tingatinga mwenyewe aliuawa kwa risasi ya polisi Dar es Salaam mwaka 1972, kwa kudhaniwa mhalifu. Hebu fikirieni mtu huyo angekuwa anauza kwa makuli wa bandarini badala ya watalii. Baada ya kifo chake wapo wanafunzi wa mtindo huo waliochora hospitali, masoko na mabasi, lakini twiga ndiye aliyelisha familia, na mimi simlaumu mtu kwa kulisha familia. Nasema tu kwamba Lubumbashi ilipata wachoraji wa historia kwa sababu wafanyakazi wa Lubumbashi walinunua historia. Mpango wa picha kumi na mbili za Karagwe unaanza na swali la nani ataitundika sebuleni kwake, Rugu, Nyaishozi au Kayanga.

Maana picha za kwetu zipo, ila si sisi tulizochora. Novemba 1861 John Hanning Speke na James Augustus Grant waliingia Karagwe wakapokewa na Mfalme Rumanyika kule Bweranyange. Januari 1862 Speke akaenda zake Buganda, na Grant akabaki miezi mitatu zaidi kwa sababu mguu ulikuwa umemwoza kwa vidonda. Alikuwa hodari wa rangi za maji. Michoro ya safari yake imehifadhiwa leo katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Kwa hiyo kati ya picha za mwanzo kabisa za Karagwe ni za mgonjwa aliyekuwa anatazama nchi kutoka kitandani, na zimelala Ulaya.

Zikaja nyingine. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya muda wa saa ishirini na nne hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Benaco, mahali palipokuwa na jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, pakawa mji mkubwa kuliko karibu miji yote ya Tanzania, kwa usiku mmoja. Mji wa maturubai ya plastiki, wenye masoko, vinyozi, baa, waganga, na wauaji waliojificha katikati ya waliokimbia. Karagwe nayo ikapata kambi zake. Watu wa rika langu walikuwa watoto. Tuliijua kambi kwa moshi, kwa misitu iliyokwisha kwa kuni, kwa bei za sokoni, kwa wageni walioongea lugha tuliyoielewa nusu. Mwisho wa 1996 serikali iliamuru warudi kwao, na Desemba ile barabara zikajaa watu wanaorudi walikotoka. Mji ukafutika. Picha za Benaco zinazojulikana duniani ni za Sebastião Salgado, Mbrazil aliyefariki mwaka 2025: nyeusi na nyeupe, moshi wa alfajiri umelala juu ya vibanda, watu wamejifunika mablanketi. Ni picha kali sana, sina neno baya juu yake. Ila Salgado alikaa akaondoka. Bibi wa Rugu aliyemwuzia mkimbizi ndizi, au aliyeibiwa ndizi hizo, hajachora.

Na kuna Kyaka. Kila anayetoka Karagwe kwenda Bukoba anapita pale. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliteka nchi yote ya kaskazini mwa mto Kagera, daraja likalipuliwa, watu wakakimbia na magodoro kichwani. Vita vilikwisha mwaka uliofuata, Kampala ikiwa imetekwa tarehe 11 Aprili. Huo ni upande mmoja. Upande wa pili wengi hawaufikirii: kwa miaka mingi baadaye umeme wa mkoa wa Kagera ulitoka Uganda, kwa njia ya Masaka, na mahali ulipoingilia nchini ni Kyaka hapo hapo. Palipoingia mizinga ndipo palipoingia taa. Ulipokatika kule Masaka, Bukoba ilitafuta mshumaa na Kayanga ilitafuta koroboi. Basi giza la Kayanga lililomvutia mdogo wangu lina historia ndefu kuliko alivyodhani, na ningekuwa mimi, picha ya kwanza ingekuwa ya Kyaka, ya mchana, nyaya zinavuka juu ya mto.

Nimalizie na Tshibumba mwenyewe. Mwaka 1977 na 1978 Katanga, iliyokuwa ikiitwa Shaba, iliingiliwa na vita mara mbili. Kazi zikapungua, na wanunuzi wa ukumbusho wakapungua pamoja nazo. Tangu mapema miaka ya 1980 Tshibumba hakuonekana tena. Picha zake zimehifadhiwa Wereldmuseum Amsterdam, zamani Tropenmuseum, na mwaka 2017 zilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya documenta 14. Kitabu ni cha Kiingereza, na bei yake haimfai fundi wa mabango. Lakini maneno yenyewe, yale aliyoyasema mbele ya kinasa sauti, yaliandikwa kama yalivyotoka kinywani na yamewekwa kwenye intaneti, yanasomwa bure. Ni Kiswahili cha Lubumbashi. Kurasa mbili za kwanza zitakusumbua, hasa kama ulifundishwa na mwalimu mkali wa ngeli. Ya tatu utaanza kumsikia: anaonyesha kwa kidole, anasema huyu hapa, hili jengo hapa, hapa ndipo walipowapigia risasi, na sasa tuone inayofuata.